Nzi wa matunda na joto la Mombasa
Drosofila, yaani nzi wa matunda wanaofugwa maabara, hupenda nyuzi 25. Hapo yai huwa nzi kamili kwa siku kama 10. Februari ya Mombasa hupita 30, madume wanakuwa tasa: mayai tele, buu hakuna. Bila kiyoyozi usijisumbue.

Chakula ni uji tu. Maji lita 1, agari (unga wa mwani wa kugandisha) gramu 8, unga wa mahindi 60, sukari 50, hamira 20. Koroga usiungue chini. Asidi ya propioniki, mililita 5, ya kuzuia ukungu, itie ukishapoa hadi nyuzi 60. Ukichemka bado, inapaa na mvuke. Na usizibe pamba chupa ulizomimina uji zikiwa moto: zinatoa jasho, nzi wananata na kufa. Zifunike kitambaa hadi zipoe kabisa.

Sisimizi? Miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji.