Siku Moja Maishani Mwangu: Polisi Kata wa Temeke

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuamka, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni simu, kwa sababu makamanda wa ulinzi shirikishi, yaani vijana wa mtaa wanaolinda usiku, hunitumia ujumbe mara tu wanapovunja lindo. Leo usiku ulikuwa umepita salama, isipokuwa ndoo mbili na zulia moja vilivyoibwa kwenye kamba ya kuanikia. Nikanywa chai kwa chapati iliyolala, nikavaa sare, nikatoka.

Mimi ni Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, na nimekabidhiwa kata moja katika Manispaa ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Watu hutuita polisi kata. Mtu akiniona nimevaa sare hudhani nimekuja kukamata, na akinikuta nimeketi kwenye benchi la kinyozi nikizungumza na vijana, hudhani sina kazi. Ningependa ijulikane kwamba lile benchi ndiyo kazi yenyewe. Polisi Jamii ilipoanza kutiliwa mkazo nchini mwaka 2006, wakati wa Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP) Said Mwema, shabaha ilikuwa kuuzuia uhalifu kabla haujatokea, na huwezi kuzuia jambo katika mtaa ambao wenyeji wake hawakuambii kitu.

Kati ya saa moja na nusu na saa nne nilipita kwenye lango la shule ya msingi, kijiwe cha bodaboda na kwa wanunuzi wawili wa vyuma chakavu. Pale kijiweni tulikubaliana kwamba kila dereva aandikwe namba kubwa mgongoni mwa kizibao chake, ili abiria aliyeporwa simu usiku awe na cha kutaja. Kwa wanunuzi wa vyuma nilikagua daftari la mauzo, kwa kuwa sufuria na mifuniko ya mitaro inayopotea huku mara nyingi huishia kwenye mizani zao.

Saa nne nilifika ofisi ya serikali ya mtaa, nikamkuta mzee mmoja mwenye nyumba akinisubiri mlangoni, amesimama ingawa viti vilikuwepo.

Nilimwamkia. Akaitikia huku akitazama pembeni. Jumamosi usiku vijana wa ulinzi shirikishi walimkamata kijana akiwa na mtungi wa gesi wa kilo 15 begani, mtungi wa mzee huyu, wenye alama ya rangi nyekundu kwenye kitako. Walimfikisha kituoni akiwa mzima, jambo ambalo nawasifu kwalo kila ninapopata nafasi. Sasa ilikuwa Jumanne, na asubuhi hiyo mzee alikuwa amemwona kijana yuleyule akinunua maandazi.

"Afande, nyinyi mmekula hela," akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuja kuomba barua za utambulisho waliisikia.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na bado yananichoma. Nikamketisha, nikamweleza taratibu. Kosa likiwa si zito na mtuhumiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, sheria inataka apewe dhamana, na kupewa dhamana si kuachiwa huru. Wadhamini wake wameandikwa na siku ya kuripoti anayo. Kinacholikwamisha jalada ni kwamba mlalamikaji, yaani yeye mwenyewe, aliitwa Jumapili kuandikisha maelezo, hakwenda. Akaitwa Jumatatu, akasema ana mzigo Kariakoo. Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa mtungi ambao hakuna aliyejitokeza kusema ni wake.

Akasema zamani sungusungu wangeyamaliza palepale. Hapo mlinzi wetu mkongwe, mzaliwa wa Shinyanga, aliyekuwa ameegemea dirisha, akaingilia kwa heshima. Yeye alikuwa kijana wakati sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakifukuzana na wezi wa ng'ombe, na anakumbuka kwamba walileta utulivu. Lakini anakumbuka pia waliopigwa bila kosa, na alivyosema, marehemu hana rufaa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 1989 iliwapa uwezo wa kukamata. Haikuwapa uwezo wa kuhukumu. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaanza upya tangu mwanzo: mtungi, maandazi, hela.

Tulikwenda hivyo hadi saa saba. Katikati nilitia saini fomu mbili, nikapokea simu ya Afisa Mtendaji wa Kata, nikawapatanisha wapangaji waliogombania luku, na kila nilipogeuka mzee alikuwa palepale akiendelea. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilitaka kumwambia kwamba ana haki ya kukasirika ila hana haki ya kunitukana, lakini nikamtazama mikononi. Alikuwa na risiti ya ule mtungi, ameikunja mara nyingi hadi imebaki ukubwa wa kidole gumba, na alikuwa akiikunjua na kuikunja tena. Mtu asiyekusudia kutoa ushahidi hatembei na risiti. Nikamwomba tutoke nje, chini ya mwembe, mbali na masikio ya watu.

Pale ndipo aliposema lililokuwa likimsumbua. Kijana yule ni mtoto wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wamezikana, wameozeshana, mama wa kijana ndiye aliyemuuguza mke wake. Akisimama mahakamani, ataishije pale? Na kijana ana wenzake. Alizitaja zile wiki za mwaka 2022, wakati vijana walioitwa Panya Road walipokuwa wakivamia nyumba usiku kwa mapanga hapa Dar es Salaam, na jinsi alivyolala na wanawe chumba kimoja, kabati wamelisukumiza mlangoni.

Hoja hiyo sina jibu lake jepesi, na sikujifanya ninalo. Nilimwambia kwamba namba yangu inapatikana usiku, kwamba lindo litapita mbele ya nyumba yake, na kwamba akitaka, mimi na mwenyekiti wa mtaa tutakwenda pamoja naye kwa mama wa kijana kuzungumza kama majirani. Nikamwambia pia kwamba akinyamaza, mtungi unaofuata utakuwa wa mjane wa nyumba ya pili, na siku hiyo huenda waliopo barabarani wasiwe vijana wa lindo. Wakawa watu wenye matairi na petroli.

Akasema, "Haya, twende."

Tulitembea kwa miguu hadi kituoni juani, na tulipofika mpelelezi mwenye jalada alikuwa ametoka kwenda kwenye tukio. Tukasubiri. Sikumbuki vizuri saa zilivyokwenda. Najua tu kwamba muhogo wa kukaanga ndio uliokuwa chakula changu cha mchana, kwamba mzee alisimama mara tatu akitaka kuondoka, na kwamba mara ya tatu nilimshika mkono kama ambavyo ningemshika baba yangu. Alasiri ilikuwa inaelekea magharibi mpelelezi aliporudi, jasho likimtoka, akaomba radhi, akachukua kalamu.

Maelezo yalijaa kurasa mbili. Kabla ya kutia saini, mzee aliuliza kama kijana atajua nani amesema. Nikamjibu kweli: atajua, kwa sababu shahidi husimama mbele ya mshitakiwa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaikunjua ile risiti, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza, akatia saini.

Nilitamani kwenda nyumbani, lakini leo ilikuwa zamu yangu kupita na lindo la mtaa wa chini. Kaya huchangia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya vijana hawa, na wanaochangia kweli hawafiki nusu; ndiyo maana tochi moja kati ya tatu haina betri, na walinzi saba walioandikwa huwa wanne wanapofika. Hao wanne wameshinda juani wakibeba zege na kuuza maji, na bado wanakesha ili wengine walale. Nilitembea nao hadi miguu ikafa ganzi. Filimbi ililia mara moja, ikawa ni mlevi aliyekosea geti, tukampeleka kwao.

Kwenye kona ya nyumba ya mzee tulisimama. Dirisha la jirani lilikuwa na mwanga, na ndani mwanamke alikuwa akikohoa. Hatukugonga, hayo ni ya kesho, pamoja na mwenyekiti.

Saa sita kasoro usiku, chini ya taa ya duka, niliandika kwenye kaunta buku: walinzi wanne, tochi mbili, taa ya barabarani karibu na kisima haiwaki, maelezo ya mtungi yamechukuliwa.