Sita Sawa na Sifuri

Jana gesi ilimwishia jirani, akawasha jiko la mafuta ya taa. Harufu ikaingia dirishani, na mie nikarudi kwenye kile kiza chetu cha Disemba 2009. Waya wa umeme wa chini ya bahari, Ras Kiromoni kule bara mpaka Fumba, uliharibika, Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, mnakumbuka. Ndoo za maji na majenereta ya Darajani nayaacha.

Ninachokiona mie ni kandili sakafuni, daftari langu, na Ami kwenye mkeka, miwani imeteremka puani.

Hesabu yenyewe ndogo tu. Betri ya volti 12, rezista ya omu 2 mpaka kwenye nodi, yaani pale nyaya zinapokutana, kisha rezista mbili za omu 4 kila moja zinashuka kwenye ethi. Tafuta volti ya nodi. Nimehangaika tangu magharibi mpaka isha, na kila nikirudia natoka na kitu kimoja: 6 = 0.

Ami hakucheka. Alifuata mstari wangu kwa kidole, (12 − V)/2 + V/4 + V/4 = 0, akasimama kwenye (12 − V)/2.

"Huu mkondo unaingia au unatoka?"

"Unaingia, Ami."

"Na hii miwili?"

"Inatoka."

"Sasa mbona umeijumlisha yote pamoja? Na hii V ya wapi? Haina jina."

Akachukua kalamu. Nodi akaiita A, volti yake VA. Ethi akaichora, akaandika 0 pembeni. Juu ya ukurasa: *Mikondo yote inatoka A.* Halafu, polepole:

(VA − 12)/2 + VA/4 + VA/4 = 0

Akanitaka nisome kila kipande kwa sauti: kutoka A kwenda betri, kutoka A kwenda ethi, kutoka A kwenda ethi tena. VA ikawa 6. Kipande cha kwanza kikatoa −3.

"Umeona? Kama unaingia, hasi itasema yenyewe. Wewe usiisemee."

Baadaye chuoni nikaambiwa kanuni ile, kwamba mikondo yote ya nodi ukiijumlisha ni sifuri, ni ya mwanafizikia Kirchhoff, ya 1845, naye alikuwa bado mwanafunzi. Sawa. Mpaka leo naandika "yote inatoka" juu ya ukurasa hata pasipo haja. Sijui ni umakini au woga.

Usiku ule Ami alifunga daftari, akainua macho kwenye globu iliyoning'inia darini, imekufa.

"Lakini ile yako ya mwanzo," akasema, "labda hukukosea sana. Daftarini sita, darini sifuri."