Pumba kwanza, rai baadaye

Jumamosi, Minnesota. Nje theluji, ndani jiko zima linanukia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa.

Leo nimepika bia ya rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Nafaka kilo 5: kimea cha shayiri 3, kimea cha rai moja na nusu, na nusu iliyobaki ni oti zilizopondwa bapa. Mpikaji mwenzangu akiuona mgawo huo ataguna, maana asilimia 40 yake haina ganda, na ganda ndilo chujio. Shayiri ikisagwa vizuri, maganda yake hujilaza juu ya wavu chini ya deli, maji matamu, yaliyobeba sukari ya nafaka, yakapenya katikati na kutoka safi. Rai ikipurwa tu inabaki uchi. Oti za dukani nazo zimeshakobolewa.

Halafu kuna utelezi. Oti zina beta-glukani kwa wingi, rai nayo arabinozailani, zote nyuzi za nafaka zinazogeuka ute zikilowa, na ukiinua mwiko kutoka kwenye uji wa rai, yaani rai iliyosagwa ikiwa ndani ya maji ya moto, unavutika kama mlenda. Uji wa namna hiyo ukishakaa juu ya wavu, koki inatoa matone, kisha haitoi kitu. Sukari yote iko mle ndani na huwezi kuipata.

Kwa hiyo pumba za mpunga kwanza, yaani maganda yake makavu. Natia gramu 350 hivi, nikiwa nimezisuuza ili vumbi litoke na kuziloweka ili zisininyonyee maji matamu. Haziongezi sukari wala ladha, kazi yake ni kutengeneza nafasi ya maji kupita tu. Shemeji yangu wa Ifakara nilipompigia simu nikamwambia nimenunua mfuko wa pumba alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, pumba mnanunua? Huku tunachomea matofali!" Ni kweli, huko kwao Kilombero, kwenye mashamba ya mpunga, zimejaa vichuguu kwenye kila mashine ya kukoboa. Huku natoa dola.

Shayiri nainyunyizia maji kidogo kabla ya kusaga, kama gramu 60 kwa kilo 3, naichanganya kwa mkono na kuiacha robo saa. Ganda linalegea, likipita kwenye roli linapasuka vipande vikubwa badala ya kuwa unga. Rai naisaga peke yake, punje zake ni ndogo na ngumu, roli lazima zikaribiane zaidi.

Kuhusu kuukalisha uji kwenye nyuzijoto 43 kwa dakika 20 ili vimeng'enya, vile viini vya kimea vinavyovunjavunja wanga na ute, vikate ule utelezi, wapo wanaosema ni kupoteza muda. Kwa oti nusu kilo peke yake nakubaliana nao. Kwa rai asilimia 30, hapana. Naanza na maji lita 10, zile dakika zikiisha namimina kama lita 9 zinazochemka, uji unapanda hadi 67 na kubaki hapo saa nzima. Mwishoni naupandisha hadi 76, maana ukiwa wa moto unakuwa mwepesi.

Lakini utafanya yote hayo kisha uharibu kwa koki. Ukiifungua yote, maji yanavuta machicha chini na kuyashindilia. Mimi naifungua robo, yale ya kwanza yenye chenga nayakinga kwenye jagi na kuyarudisha juu polepole, nikiyapitisha kwenye upawa yasichimbe shimo. Yakishakuwa maangavu naiacha koki hapo hapo, na simu inakaa chumba kingine. Leo yametiririka bila kusita, mekundu kidogo, mazito.

Nikiwa nasubiri nilifikiria mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya kwetu Uchaggani. Ulezi nao hauna ganda la kuchujia, ila hakuna anayeuomba uchuje. Ndizi ndizo zinazochujwa baada ya kupikwa na kuchachuka, kimea cha ulezi kinaingia kama uji, na chenga zake zinakuja kwenye kata, unapuliza pembeni unakunywa. Tatizo la koki kuziba ni la sisi tunaotaka bia ya kupitisha mwanga.

Bia ijayo nataka mtama, robo ya nafaka yote. Huo lazima uchemshwe kwanza kwenye sufuria yake pamoja na konzi ya kimea cha shayiri, kwa sababu wanga wake unaanza kuiva karibu na nyuzijoto 70, joto ambalo vimeng'enya vya shayiri havilistahimili kwa muda mrefu. Mfuko wa pumba umebaki nusu. Nitaongeza mwingine, na shemeji simwambii.