Goti kabla ya sindano

Leo naandika kuhusu dawa moja tu, magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Nimeichagua kwa sababu ukiitoa kwa kutazama saa peke yake, bila kuujua ugonjwa unaoutibu, inaweza kumuua mama uliyekusudia kumwokoa.

Nianze na jina la ugonjwa. "Kifafa cha mimba" ni jina zuri kwa kutisha, maana mtu akilisikia anakimbia hospitali. Ila linapotosha. Mama akishakakamaa na kutupa miguu, ndugu wanaanza kuulizana kama ukoo una kifafa, au kuna mtu kamtupia jambo. Hata sisi wa wodini jina hilo linatuvuta tuwaze ubongo tu: anapata degedege, basi tuzime degedege. Wakati chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa mimba iliyopaswa kutanuka ili kulilisha kondo hubaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, na linaachia kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi ukuta wa ndani wa mishipa mwili mzima. Mishipa iliyojeruhiwa hivyo inabana na inavuja. Ikibana, presha inapanda. Ikivuja, unaona uso na vidole vimevimba hadi pete haitoki, unaona protini kwenye mkojo, na ukizembea unasikia maji mapafuni. Kwa kawaida yote haya huanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na kondo likitoka hayaishi siku hiyohiyo. Wapo wanaopata degedege la kwanza wameshajifungua, mtoto yuko kifuani.

Ini nalo huvimba, na ganda lake likivutika mama analalamika maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Hapa ndipo wengi huponyoka mikononi mwetu. Mjamzito wa wiki 34 anasema chembe kinamuuma, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kuambiwa apunguze pilipili. Apimwe presha kwanza, halafu mkojo. Kichwa kinachogonga bila kutulia na macho yanayoona ukungu au vimulimuli navyo ni vya kundi hilohilo. Presha ya 140/90 pamoja na protini inatosha kukufanya usimwache aende nyumbani hivihivi. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura.

Sasa dawa. Kwamba magnesiamu inazidi nyingine si suala la mazoea. Utafiti mkubwa wa 1995 uliilinganisha na diazepamu na fenitoini kwa akina mama waliokwisha kupata degedege, na magnesiamu ikazishinda zote mbili katika kuzuia lisirudi. Mwaka 2002 ukatoka mwingine, Magpie, wa akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ambao walikuwa bado hawajapata degedege. Waliopewa magnesiamu hatari yao ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ubishi wa dawa gani ulikwisha zamani. Ubishi uliobaki ni wa kuitoa sawasawa.

Kosa la kwanza liko kwenye kichupa. Kimeandikwa 50%, maana yake kila mililita 1 ina nusu gramu. Vipo vya mililita 2, vyenye gramu 1, na vya mililita 10, vyenye gramu 5. Anayehesabu "vichupa viwili" bila kusoma ukubwa wake anaweza kukosea mara tano. Halafu dawa hiyo ya 50% haiingii kwenye mshipa bila kuzimuliwa. Haiingii kabisa. Kwa dozi ya kuanzia ya mshipani unavuta mililita 8 za dawa, yaani gramu 4, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano au salaini, unapata mililita 20 zenye nguvu ya 20%. Unazisukuma polepole, dakika 5 hadi 20, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani, maana mkono ulio na haraka huona dakika moja ni tano. Kabla hujaanza mwambie: "Mama, utasikia joto linapanda usoni, pengine na kichefuchefu, ni dawa, itatulia." Asipoambiwa atadhani anakufa, na ndugu aliye mlangoni atadhani hivyohivyo.

Baada ya hapo, gramu 10 za misuli: mililita 10 za ile ya 50% kila tako, juu upande wa nje, sindano ndefu izame, na mililita 1 ya lignokaini ya 2%, dawa ya ganzi, ndani ya bomba lilelile, kwa sababu dawa hii inauma kweli. Jumla gramu 14. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, dozi hii tako la kulia, ijayo la kushoto, hadi yatimie masaa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lile lililokuja baadaye kati ya hayo mawili. Akijifungua saa 10 alfajiri na degedege likarudi saa 1 asubuhi, unahesabu kuanzia saa 1. Degedege likirudi zikiwa zimepita dakika 15 tangu dozi ya kuanzia, ongeza gramu 2 mshipani: mililita 4 za dawa na 6 za maji, kwa dakika 5.

Huo ndio utaratibu unaoitwa wa Pritchard. Upo pia wa dripu, gramu 1 kila saa, na ni mzuri mahali penye mashine ya kuhesabu matone. Pasipo na mashine, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi usiku, mimi naona sindano ya msuli ni salama zaidi: dripu iliyofunguka yenyewe wakati uko chumba cha pili haikupigii kelele. Isipokuwa mama ambaye chembe sahani zake zimeshuka na damu haigandi. Huyo ukimchoma msuli unamwachia donge la damu, hivyo mshipa ndiyo njia, na mtu akae naye.

Nirudi kwenye kile kinachonifanya niandike. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, karibu yote. Na figo ni miongoni mwa viungo ambavyo ugonjwa huu unavishambulia. Yaani mlango wa kutokea dawa unafungwa na ugonjwa uleule unaotibiwa. Figo zikilegea, dozi ya saa 8 inaikuta ya saa 4 bado imo, ya saa 12 inazikuta zote mbili. Mkunga mwenye bidii asiyekosa dakika hata moja ya ratiba anaweza kumlundikia mama sumu kwa uaminifu wake.

Na sumu hiyo hufuata mpangilio, ndiyo rehema yake. Magnesiamu huzuia kalisiamu kuingia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, kwa hiyo amri haivuki. Ikizidi, goti ndilo huacha kuruka kwanza likigongwa. Ikizidi tena, pumzi inasimama. Mwisho moyo. Kati ya goti na pumzi kuna nafasi, na kazi ya muuguzi iko ndani ya nafasi hiyo.

Kwa hiyo kila dozi hutanguliwa na mambo matatu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne, zisipungue 16. Gonga kano chini ya pia ya goti, mguu ukiwa umelegea na unaning'inia au umeubeba kwa mkono. Nyundo isipokuwepo, ukingo wa kiganja unatosha. Angalia mkojo: usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, yaani 120. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa.

Mkojo ndio unaotuangusha. Si kwamba haupimwi. Unapimwa, lakini mfuko ulishamwagwa. Ndugu kaona umejaa akausaidia, au mhudumu kapita akisafisha, na hakuna aliyeandika. Saa 8 usiku unakuta mililita 40 na hujui ni za saa ngapi. Dawa yake ni ya kienyeji: bandika plasta kwenye mfuko, andika "usimwage, mwite nesi", na mweleze ndugu sababu.

Mkojo ukiwa kidogo, usikimbilie kufungua dripu ya maji. Kumbuka mishipa inavuja. Maji unayomimina hayabaki ndani ya mishipa kungojea figo, yanahamia mapafuni, na asubuhi mama anahema amekaa. Maji yote kwa jumla, pamoja na yanayobeba dawa, yasizidi kama mililita 80 kwa saa, labda awe anatoka damu.

Goti nalo lina mtego wake. Mama aliyefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni haruki goti hata bila tone la magnesiamu. Gonga kano ya mbele ya kiwiko badala yake. Nimeona wanaojua vitabu vyote wakisahau hili.

Kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, gramu 1, ambayo ni mililita 10 za 10%, ikae kwenye trei ileile ya magnesiamu, siyo kabatini ambako ufunguo uko kwa mtu wa zamu ya mchana. Pumzi ikisimama, unaanza kumpumulisha kwa mfuko wa hewa na barakoa, wakati huohuo mwenzako anaisukuma polepole mshipani. Inairudishia misuli amri yake, lakini magnesiamu haiondoi. Ya kuiondoa ni figo, kwa hiyo usimwondolee macho hata akishaanza kuhema.

Jambo jingine: magnesiamu si dawa ya presha. Presha ya 170/115 inabaki na dawa yake, hidralazini miligramu 5 mshipani polepole, au nifedipini ya kumeza, ukipima kila mara. Usiishushe kwa pupa hadi 110/60. Kondo lilizoea msukumo mkubwa, na mtoto ndiye atakayekosa damu. Akishajifungua, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 za msuli. Egometrini, ya kazi hiyohiyo, usiiguse, inabana mishipa ambayo tayari imebana. Mji wa mimba nao unaweza kulegea kwa sababu ya magnesiamu, kwa hiyo papasa tumbo mara nyingi kuliko kawaida, na anayempokea mtoto aambiwe mapema kwamba huenda akatoka mlegevu na mvivu wa kuhema.

Barua ya rufaa. Kituo cha afya kinatoa gramu 14 na kumkimbiza mama, ndivyo inavyotakiwa. Isipoandikwa, hospitali inatoa 14 nyingine. Na ikiandikwa "saa 4" bila asubuhi wala usiku, au 04:00 na msomaji akaielewa saa nne, ratiba nzima inahama kwa saa 6 au hata 12. Lugha yetu ina saa zake na faili lina zake. Mimi huandika zote mbili, wino uleule.

Mstari mmoja kwenye chati unaonekana hivi: 06:00, saa 12 alfajiri. Pumzi 18. Goti linaruka, pande zote. Mkojo mililita 150 tangu 02:00, saa 8 usiku. Presha 148/96. Gramu 5 tako la kushoto. Dozi ijayo 10:00, saa 4 asubuhi.