Mashine Ambayo Haipo

Juzi pale Mwanjelwa kijana mmoja muuza kompyuta za mtumba alinifungulia kifuniko cha seva. "Kaka, hiki chuma. Prosesa mbili, imetoka ofisini huko Dar." Nikainama kuchungulia. Prosesa mbili zilikuwepo kweli, ila RAM zilijaa upande mmoja tu. Pembeni ya prosesa ya pili nafasi zote zilikuwa tupu. Kijana keshazing'oa, kauza rejareja. Nikaanza kucheka. Akadhani nabeza bei, akashusha elfu hamsini papo hapo.

Kumbe mimi nilichekea jambo jingine. Niliwahi kuambiwa, tena kwa maandishi, kwamba mashine ya namna hiyo hakuna mtu anayo.

Ni enzi zile za Uyole, chumba cha uani kwa yule mama. Nilikuwa na kibarua cha mtandaoni: kupitia viraka (mabadiliko ya msimbo) vya keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa timu moja ya nje kabla havijaingizwa. Ukimweleza mtu kazi hiyo anakuuliza, "Kwa hiyo unatengeneza simu?" na wewe unakubali ili yaishe. Basi kikaja kiraka cha kupanga ramani ya mashine pale inapowaka: prosesa ipi ni ya nodi gani (yaani kundi la prosesa na memori ya ubavuni mwake), na memori ipi iko karibu nayo.

Wasio wa fani wanivumilie. Kwenye seva yenye prosesa mbili, kila moja ina memori yake ubavuni. Inaweza kusoma ya mwenzake, ila inachukua muda zaidi. Keneli inaujua mpangilio huo kupitia majedwali ya ACPI, yaani taarifa ambazo mashine yenyewe huipa keneli inapowaka: SRAT inasema nani ni wa nodi ipi, SLIT inasema umbali. Nodi na nafsi yake ni 10 siku zote, na jirani mara nyingi ni 20 au 21, na ukikuta 255 ujue hakuna njia kabisa. Sasa usipochomeka RAM upande wa pili, prosesa ya huko haifi. Inaishi kama mpangaji asiye na jiko, anayepika kwa jirani. Keneli yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana inaweka orodha ya nodi zenye memori kando na ya nodi zenye prosesa.

Mwandishi wa kiraka alipita kwenye orodha ya nodi zenye memori, akaitengenezea kila nodi muundo wake, yaani sehemu kwenye memori ya kuwekea taarifa zake. Chini zaidi akaichukua kila prosesa, akauliza cpu_to_node, yaani hii ni ya nodi ipi, akaufungua muundo wa nodi hiyo bila kuangalia kama upo. Na msimbo ulikuwa msafi kwelikweli: majina mazuri, maelezo yamepangika. Wa hivyo ndio unaopitishwa haraka.

Ilikuwa Juni, na Mbeya ya Juni haihitaji maelezo. Jiko la mkaa nilishalitoa nje kuogopa sumu, nikabaki na shuka la Kimasai begani na vidole vilivyokufa ganzi. Nikaunda mashine ya bandia kwa QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima: prosesa nne, nodi mbili, memori yote nodi 0. Keneli ikajengwa polepole mno, feni ya laptop inalia, malori ya Tunduma yanabadilisha gia huko barabarani. Mama mwenye nyumba akagonga dirisha.

"Mwanangu, hujalala?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwani unamalizia nini kila siku?"

Kabla sijajibu, maandishi yakaanza kukimbia kwenye skrini, halafu yakasimama ghafla. Pointa tupu, yaani keneli imefuata anwani isiyoelekeza popote. Anwani: 0000000000000018.

Niliikodolea macho ile 18. Hiyo ni heksadesimali; kwa hesabu zetu za kawaida ni 24. Maana yake muundo haukuwahi kutengenezwa, anwani yake ni sifuri, na keneli ilikuwa inajaribu kuandika kuanzia baiti ya 24 ndani ya kitu kisichokuwepo. Nikarudi kwenye msimbo, nikahesabu kwa kidole: pointa tatu za mwanzo, kila moja baiti nane. Kinachofuata ni cpumask, orodha ya prosesa za nodi. Palepale nilipokuwa napashuku tangu jioni.

"Imekufa, mama!"

"Nini kimekufa?"

"Mashine."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe unafurahi."

Nikatuma logi pamoja na marekebisho ya mistari miwili. Jibu lilikuja la heshima tu: hakuna mtu mwenye mashine iliyopangwa hivyo, wateja wao wote wanajaza memori pande zote, muda umebana, tafadhali weka jina lako kwenye mstari wa Reviewed-by, yaani aliyekikagua kiraka. Lakini mwongozo wa keneli unasema wazi kwamba ukiweka mstari ule, unatamka kuwa umeridhika na majibu ya mwandishi. Mimi sikuridhika. Sikuweka. Akaweka mwingine, kiraka kikaingia kwenye tawi lao, yaani nakala yao ya keneli, na baada ya hapo kazi za kwangu zikaanza kuja kwa kudonoadonoa. Huenda ni bajeti. Na kusema haki, kuhusu wateja wao pengine walikuwa sahihi. Mpaka leo sijaamua kama ule ulikuwa msimamo au ubishi tu.

Mama alinidaka kisimani asubuhi moja, akataka kujua mambo ya ile maiti yangu yameishaje. Nikamweleza kwa kifupi.

"Kwa hiyo walikusikiliza?"

"Walisoma, mama."

"Sijakuuliza hilo." Akajitwika ndoo yake. "Na kodi ya miezi mitatu, nayo wameisoma?"