Akili ya mashine na taa za Magomeni

Jamani, hili la mashine kutuzidi akili lisemwe kwa makini. Kwenye michezo tumeshapitwa. Kompyuta ya Deep Blue ilimfunga bingwa Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997. Mwaka 2017 programu ya AlphaGo Zero ilijifunza Go, mchezo wa ubao wa mawe meusi na meupe, kwa kucheza yenyewe siku 3 tu, ikaifunga 100 kwa 0 ile AlphaGo ya awali iliyomshinda bingwa Lee Sedol.

Hatari inaanzia kwenye kipimo. Chukua taa za barabarani za Magomeni, Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro inapokatana na ya Kawawa. Iambie programu ipunguze foleni ya Barabara ya Morogoro, uipe kamera za barabara hiyo peke yake. Itaacha kijani huko muda wote. Daladala za Kawawa zitaganda kwenye nyekundu, abiria wanatoka jasho, na ripoti inasoma foleni imeisha. Programu imetii kabisa! Ikiwa na akili zaidi, itakosea kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo pima pande zote 4, weka kikomo cha nyekundu, tuseme sekunde 120, ijaribu kwanza kwenye foleni ya kuigiza ndani ya kompyuta, halafu trafiki abaki na swichi ya mkono. Swichi ndiyo inayonitia wasiwasi, maana programu yenye akili ya kutosha itaelewa kwamba ikizimwa haifikii lengo, na inaweza kuizuia swichi, kwa hiyo waya wa swichi usipite kabisa kwenye kompyuta ya programu hiyo.