Nilichokiandika Kabla ya Sindano

Jana jioni binti yangu alishika pakiti ya donepezili, dawa ya bibi yake ya ugonjwa wa kusahau, akaniuliza kama dawa hiyo itampandisha presha au itamshusha. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, nikamkumbuka yule panya, nikalimeza.

Nilikuwa mwaka wa tatu, katika maabara ya famakolojia. Panya alilazwa kwa dawa ya usingizi, mrija ukaingizwa katika ateri ya shingo, na kalamu ikaanza kuchora shinikizo la damu yake, pigo kwa pigo, kwenye karatasi. Mimi hesabu yangu nilikuwa nimeshaimaliza: kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huvunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva; asetilikolini hutanua mishipa ya damu na kupunguza mwendo wa moyo, basi ukikizuia kimeng'enya hicho shinikizo halina budi kushuka. Nikaandika kwa wino, “Limeshuka,” kabla sindano haijaingia.

Tulimpa fizostigmini, ambayo kama donepezili huzuia kimeng'enya hicho, mikrogramu 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa muda mfupi kalamu iliendelea kuchora vimeno vyake vilevile. Kisha mstari ukaanza kupanda, taratibu lakini bila kusita, mpaka nikadhani damu imeganda mrijani. Nikausafisha kwa maji ya chumvi yenye heparini. Mstari ukabaki juu. Panya alilala vilevile, mate yakimchuruzika, ishara kwamba dawa ilikuwa kazini, nami nikaufunika ukurasa wangu kwa kiganja.

Majaribio yaliyofuata yalieleza kisa. Neostigmini, kizuizi kingine cha kimeng'enya hicho, ambayo chaji yake ya umeme huizuia kuingia ubongoni, haikuupandisha mstari kwa namna ile. Atropini, dawa inayopinga kazi ya asetilikolini na ambayo huingia ubongoni, iliufuta mpando huo, ilhali methili-atropini, inayobaki nje, haikuufuta. Kumbe amri ilitoka ubongoni, ikapitia neva za simpathetiki, na mishipa ikabana.

Mwalimu aliutazama mstari, akalitazama daftari. “Hili umeliandika saa ngapi?”

“Sikumbuki, mwalimu.”

Nilikumbuka vizuri sana.

Jana nilimwambia binti yangu kwamba bibi si panya, kwamba donepezili huogopewa zaidi kwa kupunguza mapigo ya moyo, hata mgonjwa akazimia, na kwamba alete mashine ya presha tupime kwanza, ndipo tuandike.

“Kwa hiyo hujui, baba,” akasema, akaenda kuileta.